Herufi si za Mrusi, mwanangu

Mwanangu, meseji nimeiona. Unauliza kwanini yule Mbulgaria unaekaa nae alinuna ulipomwambia anaandika herufi za Kirusi. Ana haki yake bana, hizo herufi zimetoka kwao ndo zikafika kwa Warusi.

Iko hivi. Mwaka 863 kaisari wa Bizanti, ile dola ya Wagiriki yenye mji mkuu Konstantinopoli, alituma ndugu wawili wa Thessaloniki, Cyril na Methodius, waende Moravia, kule kwa Wacheki sa hivi, maana mtawala wao Rastislav aliomba walimu wa kufundisha dini kwa lugha ya watu wake. Cyril akabuni herufi mpya kabisa, zina vijiduara na vipembe hata hazifanani na za Kigiriki, zinaitwa Glagolitiki. Injili ikatafsiriwa, ibada ikawa kwa Kislavi, lugha ya ukoo mmoja na Kibulgaria na Kirusi, mapadri wa Kijerumani wakachukia kweli maana wao walitaka Kilatini tu. Papa Adrian II aliwaunga mkono lakini Cyril akafia Roma 869, Methodius nae maaskofu wa Bavaria wakamfunga karibu miaka mitatu, na alipofariki 885 wanafunzi wao wakatimuliwa.

Wakakimbilia Bulgaria. Mfalme Boris alishabatizwa na watu wa Konstantinopoli, ila alikuwa hataki mapadri wa Kigiriki wamtawalie nchi kupitia kanisa, kwahiyo hao wakimbizi kwake ilikuwa bahati. Mmoja, Clement, akapelekwa upande wa Ohrid akafundisha wanafunzi kibao. Huko Bulgaria ndo zikatokea hizi herufi za sasa, wakachukua za Kigiriki, na sauti ambazo Mgiriki hana kama "sh" wakaziongezea herufi zake. Zikapewa jina la Cyril kwa heshima tu, alizotunga mwenyewe ni zile za vijiduara!

Mrusi hapo bado kabisa. Vladimir, mtawala wa Warusi wa kale kule Kiev, kabatizwa 988 hivi, akamuoa Anna dada yake kaisari Basil II wa Bizanti, sanamu la Perun, mungu wao wa radi, likafungwa kwenye mkia wa farasi likaburutwa mpaka mto Dnieper. Wanasema wajumbe wake aliowatuma kuangalia dini walipoingia Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, hawakujua wako mbinguni au duniani, mi naona hapo pana chumvi, Basil alikuwa na uasi nyumbani akahitaji askari wa Vladimir, na bei yake ilikuwa huyo dada. Ila kanisa jipya linataka vitabu, na vya Kislavi vilishakuwepo tayari Bulgaria, wakavibeba na herufi zake.

Kwahiyo muombe radhi mwenzio, na pesa ya kodi nitatuma Ijumaa.

Baba