Redio iliyozama ikiimba

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ni filamu gani ya kutisha iliyokuogopesha kuliko zote, na kwa nini?" Nimelisoma ndani ya daladala ya kwenda Igoma na tangu hapo halijaniachia. Nitalijibu, ila kwa upande kidogo, maana filamu ninayoifikiria haikuniogopesha mimi. Ilimpata mama yangu mkubwa, nami nikaogopa kwa kumtazama yeye.

Inaitwa Dementia 13, ya mwaka 1963. Aliyeiongoza ni Francis Ford Coppola, huyo huyo aliyekuja kutupa The Godfather, wakati huo kijana wa miaka ishirini na ushei asiyejulikana. Alikuwa fundi sauti kwenye picha ya mbio za magari ya mtayarishaji Roger Corman. Kazi ikaisha, kukabaki fedha kidogo, kijana akaomba apewe hizo hizo atengeneze picha ya kutisha huko Ireland, tena na baadhi ya waigizaji wale wale. Bajeti nzima inatajwa kuwa kama dola 40,000. Corman alipoiona hakuridhika, akamtafuta mwongozaji mwingine aongeze vipande vya damu. Vipande hivyo ndivyo dhaifu kuliko vyote, na mtazamaji yeyote atavitambua.

Iliingia kwetu kupitia binamu yangu anayepiga video za harusi pale Kirumba. Haki zake hazikulindwa sawasawa tangu mwanzo, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Binamu ana ndoto ya kutengeneza picha yake mwenyewe ziwani, hana hela, na alisema anataka kusoma jinsi mtu asiye na hela alivyofanya. Akachomeka flashi kwenye TV ya mama mkubwa Jumapili moja jioni, mvua za masika zikiwa zinamalizikia.

Picha inaanza usiku, ziwani. Mume na mke wamo kwenye mtumbwi, mume anapiga makasia, wanagombana kuhusu urithi wa mama mkwe. Mume moyo unasimama, anakufa pale pale. Mke anajua mume akionekana amekufa kabla ya mama yake, yeye hapati kitu. Basi anamsukuma majini. Redio ndogo waliyokuwa wanaisikiliza inamfuata, na inazama ikiwa bado inaimba. Muziki unazidi kwenda chini, unapinda, unabanwa na mapovu, lakini haukatiki mara moja.

Mama mkubwa alikuwa ameingia na sinia la sato na ugali. Hakuliweka mezani. Alisimama nalo mkononi, macho kwenye TV, mpaka ile sauti ilipokwisha. Kisha akasema taratibu, "Rudisha." Binamu akadhani anataka kuona tena mume anavyokufa, akarudisha nyuma. Mama akasema, "Siyo hapo. Hapo kwenye sauti." Tukaisikiliza mara ya pili. Nikampokea sinia kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka na mchuzi unamwagika kwenye kanga.

Nyinyi wa Mwanza sina haja ya kuwaeleza. Kwa wengine: tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, wakafa mamia kwa mamia. Binti wa mama mkubwa, aliyekuwa na miaka 15, alikuwa anarudi kutoka kumsalimia bibi. Hakuonekana. Meli ilielea kwanza tumbo likiwa juu, na waliokuwa nje walisikia waliomo ndani wakigonga chuma. Tobo likakatwa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini na watu wake. Jambo hilo la kugonga limekaa nyumbani kwetu miaka yote hii bila kusemwa. Mimi nililisikia mara moja tu, kwa mjomba, tena akiwa amelewa msibani. Mama mkubwa sikuwahi kumsikia akilitamka. Jioni ile alikaa kwenye kochi, akasema, akiwa anaitazama TV iliyosimamishwa: "Na wao walisikika hivi. Walisikika, halafu wakaendelea kusikika, halafu basi."

Binamu akataka kuzima. Mama akamkatalia: "Acha iendelee, mwanangu, nimeshaanza."

Ikaendelea. Familia ya mume ina ngome kubwa, na kila mwaka mama mwenye nyumba anawakusanya watoto wake kumkumbuka binti mdogo, Kathleen, aliyezama bwawani miaka mingi iliyopita. Wanarusha maua kaburini, na kila mwaka mama anazirai. Yule mjane mwongo anagundua udhaifu huo, anaiba midoli ya marehemu na kuzamia nayo bwawani usiku ili ije ielee mchana, mama aamini mtoto anamwita. Hapo mama mkubwa aliinuka. Alisema, "Huyu mama hajazika," akaenda jikoni na hakurudi.

Sasa, nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na jibu kali. Nilitaka kusema kwamba huku kwetu picha za namna hii zisitengenezwe wala zisiletwe, kwamba mtu aliyezama siyo mchezo, na binamu yangu atafute hadithi nyingine. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka pale Ukara mwaka 2018, wakafa watu 228, nilimwambia hivyo hivyo kwa hasira na tukakaa mwezi mzima hatuongei.

Lakini nikiieleza hadithi yenyewe hapa, naona nilikuwa namlaumu asiyehusika. Anayechezea msiba kwenye ile picha ni yule mjane na midoli yake, na mwongozaji hamwachi salama hata kidogo. Mama mwenye maua anaheshimiwa. Kijana wa miaka ishirini na ushei, fedha za kuokoteza, siku chache za kazi, na bado alijua kwamba kinachotisha ni mama anayerudi mahali pale pale kila mwaka bila kuchoka. Mama mkubwa naye huenda Igoma kwenye makaburi ya waliozama kila Mei, na husimama pembeni kwa sababu hajui asimame wapi.

Na kuna hili. Wiki tatu hivi baadaye tulikuwa tunachambua dagaa uani, akaniuliza bila kuniangalia: "Ile picha iliishaje?" Nikamwambia walikausha bwawa.

"Wakamkuta?"

"Walikuta jiwe lenye jina lake, na maneno ya mtu anayeomba amsamehe."

Akaendelea na dagaa. Baadaye akasema, "Jiwe ni kitu," na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alinisimulia binti yake alivyokuwa anacheka.

Kwa hiyo andikeni jibu langu kuwa ni Dementia 13, na ndiyo, nawashauri watu waitazame. Muuaji simtaji. Vipande vya shoka mnaweza kuvipita, havina maana. Ila kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye ziwa lilimchukulia wake, mwambieni mapema kwamba inaanza na mtumbwi, na sauti ya redio ipunguzeni. Binamu nimemruhusu aandike hadithi yake ya ziwani. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba mama mkubwa aisome kwanza, kabla hajakodi mtumbwi.

Msomaji wenu, Mwanza