Fundi, nyumba hii itaingia maji?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba hapa Houston, bei tunaiweza. Dalali anasema kwenye ramani ya FEMA, shirika la majanga la serikali ya Marekani, iko ukanda X, yaani nje ya ukanda wa hatari kubwa ya mafuriko, hivyo benki haitatudai bima ya mafuriko. Mdogo wangu akaiangalia anwani kwenye Flood Factor, tovuti inayopima hatari ya mafuriko, wakaipa 7 kati ya 10, na 10 ndiyo hatari kubwa kabisa. Tumwamini nani? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Hakuna aliyekudanganya hapo. Ramani ya FEMA ni ya serikali, kazi yake kubwa ni kuamua nani alazimishwe kukata bima. Inatazama zaidi mito inayofurika, si mvua inayotuama mtaani mtaro ukizidiwa, na mvua za miaka ijayo haizihesabu. Hao wa Flood Factor waliotoa 7 wanapiga hesabu nyumba kwa nyumba, mvua imo, na wanatazama hadi miaka 30 mbele.

Na mvua za huku kweli si zile za zamani. Mwaka 2018 NOAA, shirika la serikali la hali ya hewa, walipima upya mvua ya saa 24 ambayo kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 1 kunyesha: Houston ikapanda kutoka inchi 13 hadi kama 18. Usiidharau hiyo asilimia 1. Kwa mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kunyesha angalau mara moja unafika kama asilimia 26.

Baada ya kimbunga Harvey, 2017, nilibomoa jipsamu zilizolowa hadi mikono ikaota malengelenge. Wenye nyumba wengi waliniambia neno moja: "Lakini sisi hatumo kwenye ukanda wa mafuriko!"

Hata hivyo 7 usiimeze nzima. Kompyuta inakisia tu msingi umeinuliwa kiasi gani. Mwombe muuzaji cheti cha mwinuko, kinachoonyesha sakafu imeinuka kiasi gani, kama anacho. Halafu soma fomu yake mstari kwa mstari: Texas, tangu Septemba 2019, anatakiwa aandike kama nyumba imewahi kuingia maji.

Ukienda kuiona tena, beba tochi. Ingia gereji, mulika nyuma ya tangi la maji moto. Sebuleni watakuwa wamepaka rangi, ila kule nyuma fundi wa rangi hafikishi brashi. Ukikuta mstari wa kahawia umenyooka, kama chai iliyokaukia kikombeni, pima kutoka sakafuni ujue maji yalifika wapi. Kisha kamuulize jirani, hasa mzee anayeshinda barazani.

Mkiinunua, kateni bima ya mafuriko ya serikali siku ileile ya kusaini mkopo. Mkichelewa, kwa kawaida mtangoja siku 30 ndipo ianze kazi.