Samaki kangaja (tang) ana vidoa vyeupe: toa samaki wote, usimwage dawa kwenye tenki la matumbawe

Mkuu, umesema kangaja uliyemtoa Dar kwa basi aliota vidoa vyeupe, siku mbili tatu vikapotea ukajua kapona, sasa vimerudi vingi na klaunfishi naye kaanza kujikuna kwenye mawe. Na mdau hapo juu kakwambia ongeza chumvi na upandishe joto. Namheshimu mdau, ila hiyo ni tiba ya samaki wa maji baridi. Wao wana vidoa vyao vinavyofanana na hivi kwa macho lakini kimelea ni kingine, kile kweli chumvi kinaiogopa. Cha kwako ni Cryptocaryon irritans, huyu ni wa baharini, chumvi ndo kwao. Na joto ukilipandisha unampa spidi tu, halafu oksijeni inapungua kwenye maji, na sisi huku tayari tuko pabaya maana Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya tenki Mwanza yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar kwa joto hilohilo. Samaki ambaye matamvua yake yameshaliwa na vimelea utamuua kwa kukosa pumzi kabla hata ya ugonjwa wenyewe.

Kwa nini vilipotea vikarudi? Hicho kidoa unachokiona ni kimelea kimejichimbia chini ya ngozi kinakula, kinakaa hapo kama siku 3 hadi 7 kisha kinashiba na kudondoka chenyewe, hapo ndo watu wengi wanashangilia. Kikifika chini kinajishikiza kwenye mchanga au jiwe, kinajifunika gamba, humo ndani kinajigawa na kuwa watoto mamia. Wanatoka baada ya siku chache, wengine wiki kadhaa, kuna waliowahi kusubiri hadi siku 72. Mtoto akitoka ana muda mfupi sana wa kumpata samaki, siku moja au mbili, akikosa anakufa. Na dawa zote unazosikia zinamuua huyo anayeogelea tu, aliye ndani ya ngozi na aliye ndani ya gamba haziwagusi. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwa kangaja peke yake mkuu, uko kwenye tenki zima, hata samaki anayeonekana mzima mhesabu mgonjwa.

Ndo maana nasema toa samaki WOTE, matumbawe na konokono na kamba waache humohumo, tenki likae bila samaki hata mmoja siku 76. Najua ni ndefu na wageni wakija sebuleni watakuuliza mbona tenki halina samaki, wavumilie. Usisikilize habari ya kumwaga kopa (dawa ya shaba) humo. Kopa inaua kamba, konokono na matumbawe, halafu mawe na mchanga vinainyonya kwa hiyo hata kipimo hutakipata sawasawa.

Karantini yenyewe, yaani tenki la kuwatenga na kuwatibu hao uliowatoa, haihitaji mbwembwe. Tenki la kioo tupu lita 60 hadi 100, hita, sponji filta ambayo imeshakaa wiki kadhaa kwenye sampu (kitenki cha chini cha kuchujia) ya tenki kubwa ili iwe na bakteria (kwa karantini zijazo, hii ya sasa usiichukue humo maana ina ugonjwa, anza na mpya na ubadili maji mara kwa mara), pampu ya hewa inayosukuma kwa nguvu, na vipande vya bomba la PVC wajifiche. Hakuna mchanga hakuna jiwe. Nunua na pampu ya hewa ya betri, umeme wetu unaujua. Maji ya bomba yana klorini kwa hiyo yatibu kwanza kabla ya kuchanganya chumvi, na ya Ziwa tafadhali acha, yamejaa mwani na mbolea za mashamba.

Kwenye tiba una njia tatu na watu watabishana hapa mpaka kesho. Ya kwanza kopa. Zile za aina ya kufungwa (chelated) zinatakiwa zikae 2.0 hadi 2.5 mg kwa lita kwa siku 30 mfululizo, ikishuka hata siku moja unaanza kuhesabu upya. Zile za ioni ni kiwango kingine kabisa, kama 0.15 hadi 0.25, usichanganye hesabu. Pandisha taratibu kwa siku mbili tatu na uwe na kipimo cha uhakika, mimi naamini kile cha kidijitali cha Hanna kuliko vya kulinganisha rangi. Kuna wanaoenda duka la pembejeo kununua mrututu wa mashambani, kwa kuwa nao ni shaba, wakakadiria kwa kijiko, hao siwaelewi. Na kopa ikiwa ndani usiweke dawa ya kuua amonia, zipo zinazoibadili kopa ikawa sumu zaidi, badili maji tu na yale mapya uyaweke kopa kiasi kilekile.

Ya pili ni kushusha chumvi hadi spesifiki graviti 1.009 kwa siku 30. Huku ambako chumvi ya tenki ni ghali inavutia, ila refraktomita yako (kipima chumvi) iwe imekalibreti, ikisoma 1.011 umepoteza mwezi.

Ya tatu ndo naipenda kwa Mwanza: kuhamisha. Unakuwa na matenki mawili madogo au hata ndoo kubwa mbili, samaki anahamishiwa kwenye maji mapya kila baada ya saa 72, mara nne, unamaliza ndani ya siku 12. Vimelea vinadondoka, kabla havijaanguliwa samaki kashahama. Lile la nyuma lioshe, vifaa vyote vianikwe juani vikauke kabisa, wavu wake usiguse kwingine. Lita 40 zinakula chumvi kama kilo 1.4, piga hesabu mwenyewe. Hakuna sumu, na kangaja na kopa huwa hawapatani sana.

ILA hakikisha sio velveti. Velveti (Amyloodinium) ni kimelea kingine, anaonekana kama vumbi laini sana la dhahabu, zima taa mulika na tochi kwa pembeni ndo utaliona, na samaki anahema mbiombio, anakaa kwenye mkondo wa pampu, chakula hataki. Huyo anaua ndani ya siku chache, kuhamisha hakumwezi na kushusha chumvi hakumwezi, hapo ni kopa leo leo. Klaunfishi wa kukamatwa baharini naye mwangalie ute, akianza kuchubuka utandu mweupe mzitomzito huo ni ugonjwa wa kimelea kingine, Brooklynella, kopa haimsaidii, hiyo inataka formalini na maelezo yake marefu, niulize kivyake.

Kuna jambo moja sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua kuliko wengine: prazi. Ndiyo, prazikwanteli, vidonge vya kichocho. Kichocho kinatokana na minyoo bapa, na samaki wa baharini wana minyoo bapa yao kwenye ngozi na matamvua, dawa ni ileile. 2.5 mg kwa lita, kwa hiyo kidonge cha mg 600 kinatosha lita 240, saga laini kabisa maana haiyeyuki kirahisi, rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu mayai haiyaui. Maji yatachafuka kidogo, ongeza hewa. Nunua famasi, usichukue vya watoto vya shuleni. Kwa vidoa vyako haisaidii chochote, ila samaki mpya mimi nampa kila mara. Ukitaka kuhakiki kama ana minyoo hiyo, mtie kwenye ndoo nyeusi ya maji yasiyo na chumvi, joto na pH sawa na alikotoka, dakika 5 ukimwangalia. Kama anayo utaona vigamba angavu mgongoni vinageuka vyeupe kisha vinadondoka kimoja kimoja, mwenye roho nyepesi asiangalie.

Halafu hili la basi. Mfuko uliofungwa safari nzima ya Dar hadi Nyegezi umejaa amonia, lakini pH imeshuka kwa hiyo haijawa kali. Ukiufungua ukaanza kudondoshea maji polepole lisaa zima, pH inapanda na amonia inageuka sumu samaki akiwa humohumo. Muulize muuzaji chumvi yake iko ngapi, andaa karantini iwe sawa, elesha mfuko joto lilingane, fungua, mhamishe samaki bila yale maji.

Sasa tuambie tenki lako lita ngapi, samaki wangapi, na urekodi kavideo ka kangaja anavyohema ukiwa umezima taa. Kabla ya hapo usinunue kopa yoyote, ila pampu ya hewa ya pili iwashe leo.