Shangazi, kijana niliyemfundisha kazi anataka kuniajiri

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 48, mke na watoto watatu. Nilianza kama karani wa stoo kiwandani, miaka minne, kisha nikafungua duka la spea za magari Gerezani, Dar es Salaam. Nililishikilia miaka 17, nikiwa na vijana wanne, mzigo nikiufuata mwenyewe Dubai. Mwaka jana kodi ya fremu ilipanda, wateja wakaanza kuagiza wenyewe mtandaoni, nikawa nalipa mali kauli, yaani mzigo wa mkopo, kwa mali kauli nyingine. Nikafunga. Kampuni moja ya malori iliniita kwenye usaili, binti wa rika la mwanangu akaniuliza mbona nina pengo la miaka 17. Nikamweleza habari za kodi na ushindani mpaka akaanza kuangalia saa. Sasa kijana aliyekuwa akinifagilia duka ana duka kubwa na stoo mbili, anataka niwe msimamizi wa stoo kwa laki sita kwa mwezi. Mke wangu anasema kazi yoyote nikubali, ila hajui hii ni ya nani. Nitamtazamaje huyo dogo usoni? – Bosi wa Zamani, Tabata

Marahaba, mwanangu, na pole. Kufunga duka lililosomesha watoto kunauma, wala sitakuambia usiumie.

Huyo binti wa usaili msamehe. Sivii uliyoniambatanishia ina mstari mmoja tu kwa miaka yote hiyo: "2008–2025, nilijiajiri." Angejuaje kwamba mtu aliyekaa mbele yake akishika bushi anajua kama ni jenuini au feki hata kabla hajaona boksi? Futa mstari huo, andika: "Mmiliki na mnunuzi, duka la spea za magari, Gerezani. Kuagiza mzigo Dubai, kutunza stoo na daftari la madeni, kusimamia vijana wanne." Pengo limezibika na hujaongopa hata neno. Wadhamini weka msambazaji uliyemlipa mpaka senti ya mwisho na fundi wa gereji aliyenunua kwako miaka mingi. Shemeji yako uliyemweka mwache apumzike. Ukiulizwa kwa nini ulifunga, jibu: "Kodi ya fremu na bei ya mzigo vilizidi mauzo, nikaona nifunge kabla sijazama." Kisha nyamaza. Mengine kayamalizie kijiweni.

Serikalini usijichoshe. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45, labda awe tayari ni mtumishi. Watu wako ni wenye magari mengi: malori, mabasi, wasambazaji wa vinywaji. Hao gari likilala gereji siku mbili kwa kukosa spea wanahesabu hasara, na mvi zako haziwasumbui. Atakayekuomba hela ya fomu au ya "kukufanyia mpango", achana naye hapo hapo.

Tuje kwa dogo. Mimi nasema nenda. Mtu aliyekuona ukihesabu mzigo kila jioni, leo ana stoo mbili na amekutafuta mwenyewe, huyo nadhani anaibiwa na anajua nani hataiba. Huruma ingekuja kwa simu, elfu hamsini ya pole, ikaishia hapo.

Ila usimfuate nyumbani kwake mkaongelee sebuleni. Nenda dukani, saa za kazi, na mkataba uwe wa maandishi: cheo, mshahara, likizo, unawajibika kwa nani, na nani mwingine ana funguo za stoo. La funguo lisimamie kidete. Kabla hujasaini kupokea stoo, mali yote ihesabiwe mkiwepo nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Mzigo ukipungua mwezi wa pili, kujuana kwenu hakutakutetea.

Uliza NSSF pia, mfuko wa hifadhi ya jamii. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, na kutoka miaka 48 mpaka 60 unapata miezi 144 tu. Lakini kiwandani ulikaa miaka minne. Kama ulikuwa unachangiwa na hukuzitoa hela zile, miezi hiyo 48 inakuvusha. Nenda na kitambulisho chako ofisini kwao wakuangalizie kabla hujakubali kazi isiyo na makato. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10.

Kuhusu kumtazama usoni: saa mbili asubuhi atakupa shikamoo, saa tatu atakuuliza mbona mzigo wa jana haujaingizwa kwenye vitabu. Yote mawili yatakuwa sahihi. Mbele ya wafanyakazi usimwite dogo, wala usianze kusimulia alivyokuwa akifagia. Mwite wanavyomwita wao. Ukiona anakosea kununua, mwambie pembeni, mkiwa wawili. Na wale wateja wako wa zamani wakikupigia, wapeleke kaunta. Usiwauzie wewe, usiongeze cha juu. Hapo ndipo waliowahi kuwa na maduka yao wanapoharibu, kwa sababu mkono umezoea.

Laki sita usiilinganishe na mauzo ya Gerezani. Ilinganishe na kilichokuwa kinabaki baada ya kodi ya fremu, vijana na madeni. Hata hivyo ni ndogo kwa stoo mbili. Omba zaidi. Akikataa, iandikwe kwamba mtaijadili upya baada ya miezi sita.

Hujaniambia kama TRA, watu wa mapato, wanajua umefunga. Kushusha shata hakutoshi; usipowaarifu rasmi, kwao biashara ipo hai, na makadirio ya kodi ya mapato yanaweza kuendelea kukuandama. Lipeleke hilo wiki hii, na leseni irudishe halmashauri ya jiji.

Halafu mkeo. Mimi hunijui, nami umenitajia mwajiri na mshahara. Yeye uliyelala naye jana hajui hata mwajiri ni nani. Na huenda huyo kijana amewahi kula ugali mezani kwake, kwa hiyo jina lake halitamshtua kama unavyodhani. Mwambie leo, kabla hujapiga simu dukani.

Shangazi