Ufa kwenye kitako cha gobori: fundi anajibu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wenzetu walioko Marekani, ambako kujiundia gobori la mtindo wa kale ni burudani ya watu wengi. Unanunua mtutu na mtambo wa kufyatulia vikiwa tayari, kisha mti unauchonga mwenyewe. Mimi ni seremala, si mhunzi, kwa hiyo najibu ya mbao tu. Nikisema kitako nina maana ya mti wote, kuanzia unapokaa begani hadi unapoishia chini ya mtutu.

Fundi, shikamoo. Nimenunua bamba la mepo la kuchongea kitako, unene inchi mbili na nusu. Nimelikuta na nyufa nyembamba kwenye ncha moja. Nilirudishe? (Msomaji, Pennsylvania)

Marahaba. Usilirudishe bado. Mbao hutoa maji upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, kwa sababu maji hufuata nyuzi. Ncha inanywea huku katikati bado kumejaa, basi ncha inachanika. Kata kipande cha sentimita mbili hivi kutoka kwenye ncha hiyo, kishike kwa mikono miwili na ukikunje mpaka kivunjike. Kikiachana kirahisi kwa mstari ulionyooka, bado uko ndani ya ufa, kata tena. Ukishafika unapodhani ni pazima, pangusa uso uliokatwa kwa spiriti. Uso wote utakauka mara moja, ila penye ufa patabaki mstari mweusi kwa sekunde chache. Bila spiriti macho hayauoni mstari huo.

Swali ambalo hukuuliza ndilo kubwa zaidi: bamba limekauka kiasi gani? Mafundi wa kule huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao iliyokaushwa kwa upepo, kwa hiyo la kwako linahitaji zaidi ya miaka miwili. Kama huna kipimo cha unyevu, lipime kwenye mizani kila wiki na uandike uzito kwenye bamba lenyewe kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka, limetulia. Wakati wote huo ncha zake ziwe zimepakwa nta.

Mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, una tabia yake. Ule mgumu, ukitoka ubichi hadi kukauka kabisa, hunywea karibu asilimia 10 kwa kufuata mzingo wa pete zake, lakini karibu asilimia 5 tu kutoka kwenye moyo kwenda kwenye ganda. Mti unaonywea upande mmoja mara mbili ya upande mwingine lazima utafute pa kupasukia. Mjozi mweusi, yaani walinati, hunywea asilimia 7.8 kwa 5.5, kwa hiyo ni mpole zaidi. Najua bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18 sifa yake ni mepo wenye mawimbi, na ni nzuri kweli, lakini anayeanza ningempa mjozi.

Nimeambiwa niangalie nyuzi kwenye shingo. Niangalie nini hasa? (Msomaji, Ohio)

Shingo ni pale mkono unaposhika, nyuma ya mtambo. Hapo mti ni mwembamba, na hapo hapo ndipo unapochimba shimo la mtambo ubavuni, nafasi ya triga chini, na tundu la skrubu kutoka juu. Ukimaliza kuchimba, mbao inayobaki unaweza kushangaa. Nyuzi zikikatiza hapo kwa mshazari na kutokea pembeni, kitakachokuwa kinashikilia bunduki yako ni gundi ya asili kati ya uzi na uzi, na hiyo haina nguvu.

Kata umbo la kitako kwenye kadibodi, liweke juu ya bamba, kisha lizungushe kidogo kidogo mpaka nyuzi zipite shingoni bila kukatizwa na kuteremka pamoja nayo kuelekea begani. Ukilazimika kuchagua, bora nyuzi mbovu kwenye sehemu pana ya begani kuliko shingoni. Tena angalia pande mbili: ubavuni, halafu na juu. Watu wengi huangalia ubavu tu.

Mawimbi ya mepo huwadanganya wengi. Mistari ile ya kung'aa inayokatiza mbao si mwelekeo wa nyuzi. Tafuta vitundu vidogo vya mti, virefu kama michubuko ya sindano, ndivyo vinavyosema kweli. Kama bado una shaka, chukua kipande kilichobaki, kiweke patasi kichwani na ukigonge mara moja. Kitachanika kwa kufuata nyuzi, na hapo hapana ubishi tena.

Nilifyatua mara tatu tu, ukatokea ufa nyuma ya ule ulimi wa chuma unaolala juu ya shingo. Mbao ilikuwa kavu, nyuzi safi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tennessee)

Mbao yako haina kosa, kosa liko kwenye mkao wa chuma. Baruti ikilipuka mtutu husukumwa nyuma, pamoja na ulimi ulioungana nao. Msukumo huo unatakiwa upokelewe na ule uso bapa wa nyuma ya mtutu, ulioegemea mbao kwa upana wake wote. Kama ncha ya ulimi ndiyo inayogusa mbao kwanza, basi kila ukifyatua unapigilia kabari kwenye shingo, na kabari kazi yake ni kupasua.

Hakikisha hivi. Toa mtutu, pitisha masizi ya koroboi kwenye uso wa nyuma na kwenye ncha ya ulimi, rudisha mtutu mahali pake, ugonge kidogo kwa nyundo ya mbao, kisha utoe tena. Panapokuwa peusi ndipo panapogusana. Nina hakika utaona weusi kwenye ncha, na mbao nyeupe kabisa nyuma ya mtutu.

Ziba ufa kwanza. Kama umeshatia mafuta ya bunduki, safisha kwa asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na uiache ikauke kabisa, maana gundi haishiki penye mafuta. Fungua ufa kidogo kwa wembe, ufunguke upana wa nywele tu, usiulazimishe. Tumia epoksi ya kukauka polepole, uipashe joto kwa kifaa cha kukaushia nywele iwe nyepesi. Ipake juu ya ufa, halafu weka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi upande wa chini, kwenye tundu la skrubu, na kitambaa katikati ili usiiharibu mashine. Utaona gundi inazama yenyewe. Ongeza mpaka iache kuzama. Toa wembe, funga shingo kwa utepe uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, uuvute kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko. Hakuna jiriwa inayobana umbo la mviringo vizuri hivyo. Acha mpaka kesho yake.

Ufa ukiwa umeingia shingoni kabisa, gundi peke yake siiamini. Toboa kutoka ndani ya shimo la mtambo, mahali ambapo bamba la mtambo litafunika, ukiukatiza ufa, na utie kijiti cha shaba chenye hesi kama skrubu, milimita 3 au 4, pamoja na epoksi. Hesi inaipa gundi pa kung'ang'ania.

Sasa rekebisha chanzo. Kwangua mbao nyuma ya ncha ya ulimi ibaki nafasi ya unene wa karatasi ya jalada la daftari. Nyuma ya mtutu nako jaza: paka chuma nta ya viatu kisigande, weka epoksi kwenye mbao, rudisha mtutu mahali pake. Ukishakauka, masizi tena.

Mbao ya mbele, chini ya mtutu, imechanika nilipokuwa nachonga. Ni nyembamba kama biskuti. (Msomaji, Indiana)

Ufa mpya, msafi, usioguswa na mafuta: gundi ya kawaida ya mbao na tyubu, basi. Wakati ujao acha kuta nene, zipunguze mwisho wakati mtutu uko ndani umezishikilia. Na zile pini zinazopita kwenye mbao kuushika mtutu, tundu zake kwenye vishikio vya chuma vya chini ya mtutu zirefushe kwa tupa kuelekea mbele na nyuma. Chuma hurefuka kwa joto na mbao hutanuka kwa unyevu, kila kimoja kwa wakati wake, kwa hiyo tundu la duara linavibana vyote viwili.

Assalaam aleikum fundi. Tuna bunduki ya fatila, ile ya kuwashwa kwa utambi, ya marehemu babu, imetundikwa sebuleni. Mti wake una ufa mrefu ambao hufunguka na kujifunga kila mwaka. Niuzibe na nini? (Msomaji, Maskati)

Waaleikum salaam. Usiuzibe. Ufa unaofunguka na kujifunga unafuata hewa ya chumba. Ukiujaza kitu kigumu ukiwa wazi, siku mbao itakapotanuka itajikuta haina pa kwenda, na itapasuka pengine. Zile pete za fedha zinazofunga mtutu na mti nazo usizikaze. Iondoe mbele ya kiyoyozi, maana nje kuna jasho la bahari na ndani kuna hewa iliyokaushwa, na mti uko katikati. Mafuta ya kitani usipake, yatanasa vumbi na kuwa meusi. Kitambaa kikavu kinatosha. Kuifyatua, hata harusini, usithubutu.

Babu ametuachia gobori, kitako kimeoza. Nikichonga kingine kwa mninga kitafaa? (Msomaji, Tabora)

Mninga sina ugomvi nao, ni katika mbao tulivu kuliko zote tulizonazo. Lakini gobori ni silaha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, na urithi si kibali. Lipelekeni polisi kwanza. Kama hamna karatasi, mimi sichongi na wewe usichonge. Haya mambo ya vibali si ya leo: hata mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833 ulisema bunduki na baruti zisiuzwe kisiwani Unguja ila kwa serikali tu, ingawa bandari zake nyingine zilikuwa huru.

Mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, naweza kuutoa kwenye ubao wa dukani? (Msomaji, Pennsylvania, kwa mara ya pili)

Hapana. Mdeki hupasuliwa, haukatwi kwa msumeno, ili nyuzi zitoke ncha moja hadi nyingine bila kukatizwa. Kule mbao ya mti wa hikori ndiyo inayotumika. Mdeki wenye nyuzi za mshazari huvunjika ukiwa unashindilia, ncha yake inakuwa kama mkuki, na kiganja chako kiko juu yake. Uukunje kidogo kwa mikono kabla ya kuutumia. Ukisikia mlio, tafuta mwingine.