Kiatu cha farasi: kigumu kiasi gani kinatosha?

Safari hii karibu kila aliyeniandikia anataka kiatu kinachodumu, kwa farasi au kwa punda. Nimechagua maswali sita.

Fundi, farasi ninayemtunza anatembezwa kwenye lami kila siku na viatu vyake vinalika kabla ya wiki sita. Jirani anayechomelea mageti anasema atatutengenezea vya unene wa milimita 12 vikae miezi mitatu. Tukubali? (Saisi, Karen, Nairobi)

Msikubali, na tatizo kubwa ni hiyo miezi mitatu. Ukwato hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Mnyama asiye na kiatu huupunguza ukwato wake kwa kutembea, lakini aliyevishwa kiatu hawezi. Mbaya zaidi, haulingani mbele na nyuma. Mkivua kiatu kilichokaa muda, kigeuzeni muangalie upande uliokuwa umegusa ukwato. Kwenye visigino mtaona chuma kimeng'aa, pengine kimechimbika kijifereji. Hapo ndipo ukwato hutanuka na kurudi kila mguu unapokanyaga, ukijisugua juu ya chuma. Kwa hiyo kisigino hulika polepole hata ndani ya kiatu, huku ncha ya mbele, iliyobanwa na misumari, ikizidi kurefuka. Baada ya wiki sita hadi nane mguu umeshainama nyuma, na kano zinazopita nyuma ya mguu zinavutwa kila hatua. Kiatu kikiwa bado kizima wakati huo, kivuliwe, ukwato ukatwe, kisha kirudishwe.

Kwa hiyo mnachohitaji ni kiatu cha kufika wiki sita au saba, basi. Unene wa milimita 8 hadi 10 unatosha. Kutoka 8 kwenda 12 ni kuongeza nusu nzima ya uzito mwishoni mwa mguu, na farasi huubeba uzito huo kila anapoinua mguu. Kama lami ndiyo inayovila, mwambieni fundi wenu wa kwato atumie misumari yenye ncha ya tangsteni kabaidi, madini yale yale yanayowekwa kwenye biti za kutobolea zege. Mmoja kila upande wa kiatu unatosha, na miguu yote miwili ya mbele au ya nyuma iwekwe sawasawa. Msiijaze. Mguu unapotua kwenye lami unahitaji kuteleza kidogo sana kabla ya kusimama. Ukisimama ghafla kila mara, mshtuko wote unaingia kwenye viungo.

Halafu angalieni kiatu kimelika wapi. Kikilika mbele katikati, fundi aizungushe ncha hiyo iwe ya duara kidogo, mguu upate kupinduka kwa urahisi. Kikilika upande mmoja tu, ukwato haukukatwa sawa au mnyama anauhurumia mguu. Hapo chuma kigumu kitaficha ugonjwa. Muiteni daktari wa mifugo amwone akitembea.

Mimi ni fundi chuma. Naweza kutengeneza viatu vya farasi kwa nondo zilizobaki kwenye ujenzi? (Arusha)

Moto na nyundo unavyo, kwa hiyo kazi hii unaiweza, ila nondo iache. Hujui ina kaboni kiasi gani. Nyingine ni ngumu na itapasuka kwenye tundu la msumari. Nunua chuma laini cha bapa, upana wa milimita 20 na unene wa 8, ambacho kitamfaa farasi wa kawaida wa kupanda.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu matundu, maana hapo ndipo kiatu kizuri na kibaya huachana. Usitoboe kwa drili. Tundu lipigwe kwa tindo likiwa na umbo la kichwa cha msumari, pana juu na jembamba chini, ili kichwa kiendelee kushika hata kiatu kinapopungua unene. Tundu la drili huachia msumari kucheza, na msumari unaocheza huvunja ukuta wa ukwato. Matundu yote yawe mbele ya sehemu pana zaidi ya ukwato. Ukipiga msumari nyuma ya hapo umefunga kisigino, na kisigino kisichotanuka hakipunguzi mshtuko. Misumari sita mara nyingi inatosha. Kuanzia sehemu pana kurudi nyuma, acha chuma kitokeze milimita chache nje ya ukwato, upate pa kutanukia.

Chimba mfereji upande wa ardhini ukifuata mstari wa matundu. Unapunguza uzito, unaficha vichwa vya misumari, na udongo unaojaa humo husaidia kushika ardhi. Mbele, vuta ulimi mdogo wa chuma upande juu ya ukuta wa ukwato. Ulimi huo ndio unaozuia kiatu kurudi nyuma, badala ya misumari kubeba mzigo wote. Na upande wa juu, ule wa ndani, punguza chuma kidogo kisigandamize unyayo. Uzito wa farasi ubebwe na ukuta.

Viatu fua wewe, lakini kupigilia mwachie aliyefunzwa. Msumari ukiingia ndani ya mstari mweupe unaotenganisha ukuta na unyayo, umefika kwenye nyama.

Punda wangu anabeba mchanga na mawe ya ujenzi mjini Lamu. Nimvishe viatu?

Hapana, mzee wangu. Kwenye mchanga na vichochoro vya Lamu, punda mwenye kwato zilizokatwa vizuri hahitaji chuma. Mpeleke kliniki ya punda hapo hapo mjini, iliyoanzishwa mwaka 1987, wamwangalie bila malipo. Na usikubali mtu akuuzie kiatu cha farasi kilichobanwa kidogo. Ukwato wa punda ni mwembamba zaidi, umesimama zaidi, na una umbo la U. Chuma cha duara kitatokeza pembeni na kukanyagwa.

Punda wetu wanavuta mikokoteni ya maji kwenye lami na kwato zimelika hadi wanachechemea. Tunaweza kukata viatu kwenye tairi kuukuu? (Thika)

Kwanza wapumzike. Kwato zilizofika hapo hazina pa kupigilia msumari, na daktari wa mifugo aone kama kuna jipu ndani.

Zikishakua, tairi si wazo baya. Huko Fes, Moroko, nyumbu (wale waliozaliwa na punda na farasi) wanaopita kwenye mawe ya mji mkongwe huvishwa mpira wa tairi, na haitelezi kama chuma. Lakini tairi nyingi za leo zina nyaya za chuma ndani, na ncha zikichomoza zitamchoma punda. Tafuteni isiyo na nyaya. Kateni umbo la U na muache katikati wazi, kwa sababu mpira unaofunika unyayo wote huhifadhi mkojo na kinyesi, na ukwato unaoza. Msitumie misumari ya kupigilia mbao kamwe. Msumari wa kwato umechongwa ncha upande mmoja ili ujipinde kutoka nje, wakati wa mbao unakwenda moja kwa moja ulikoelekezwa.

Farasi wa watoto wangu anakaa kwenye majani tu. Lazima viatu? (Nakuru)

Si lazima. Akatwe kwato kila wiki sita hadi nane.

Ninafanya kazi kwenye zizi la farasi wa mbio ndefu, Maskati. Bosi anataka alumini, fundi anataka chuma. Nani yuko sahihi?

Inategemea njia. Kwa ujazo ule ule alumini ina uzito wa theluthi moja tu ya chuma, na katika mbio zinazofika kilomita 160 hiyo ni nafuu kubwa kwa mguu. Kwenye mchanga mtupu namuunga mkono bosi wako. Lakini alumini hulika upesi kwenye changarawe na mawe, na mabonde ya Omani yana mawe mengi. Kwa mazoezi ya kila siku njia hizo, chuma ni bora, na alumini ivishwe siku chache kabla ya mashindano, farasi apate kuizoea.

Mkiweka ngozi au plastiki chini ya kiatu kuukinga unyayo, nafasi iliyo ndani ijazwe silikoni. Ikiachwa wazi, mchanga utaingia kwa nyuma na kujisokota humo hadi ubonyeze unyayo. Na kama fundi anataka kuipasha alumini moto aikunje, awe mwangalifu. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma. Apashe kidogo kidogo, na agusishe kijiti cha mbao kikavu. Kijiti kikianza kuacha alama nyeusi, aitoe motoni na kuikunja hapo hapo.