Muulize anaogopa mwaka gani

Shangazi yangu aliishi Kaloleni, Nairobi, na chini ya meza yake ya jikoni hamkukosekana mitungi mitatu ya maji ya lita 20, hata wiki ambazo mfereji haukukauka. Unga aliupanga kabatini kwa tarehe, pakiti kumi na mbili. Mvua ikichelewa kidogo tu, simu inalia usiku: "Mwanangu, mwaka huu tutakula nini?"

Miaka yote nilimjibu neno moja: "Usijali, Shangazi." Nilidhani namtuliza, kumbe namfunga mdomo.

Siku moja nikamuuliza anaogopa nini hasa. Alinyamaza, akawa anafuta meza iliyokuwa safi tayari. Kisha akanisimulia 1984, masika yalipokosa kuja na nchi ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akipanga foleni ya unga tangu alfajiri, na mara mbili alirudi nyumbani mikono mitupu. Yale mahindi ya njano bado aliyakumbuka kwa harufu.

Kama una mzee wa namna hii nyumbani, muulize anaogopa mwaka gani, kisha umsikilize mpaka amalize, usimkatize kwa faraja. Halafu fanyeni pamoja jambo moja linaloshikika. Sisi tulianza kwenda soko la Muthurwa kila mwisho wa mwezi, tunanunua mahindi, tunasagisha, yeye mwenyewe anafunga mfuko. Simu za usiku hazikuisha, ila zilipungua, na mimi niliona ameanza kulala.

Kuhusu pesa sikumuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Mwaka wa 2019, Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 mwisho wake ni Septemba 30, alinipigia mara mbili akitaka kujua kama benki zitafungwa. Nilikuwa kazini, nina haraka. Nikamrudishia lile jibu langu la siku zote.

Baada ya kumzika tulifungua mkebe wa mafuta aliouficha nyuma ya unga. Ndani mlikuwa na noti 23 za elfu moja, zimefungwa kwa kipande cha leso, pamoja na karatasi yenye mwandiko wake: "Ya mazishi yangu, watoto wasihangaike."

Zote zilikuwa za zamani.